Tulipotafuta Watu wa Asali Kilungu

Nyinyi mnaoichukua kazi hii baada yangu, msitumie neno "mkutano".

Najua kwenye karatasi za mafunzo limeandikwa hivyo, mkutano wa wanaoacha pombe, na kwa Kiswahili cha darasani halina kosa. Lakini mtafanya kazi Makueni na Kitui, na huku mkutano ni maspika juu ya lori, mhubiri kutoka mbali, na mlevi wa soko kuitwa mbele huku kina mama wakimwimbia. Nililitumia neno hilo kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza ndengu Kathonzweni, wakati kitambulisho changu cha kazi kilikuwa bado kinang'aa kifuani. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kuna mkutano wa watu wenye shida kama yake. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akafunika ndengu zake kwa gunia ingawa jua lilikuwa bado juu.

"Mwaitu," akaniambia, neno ambalo Wakamba humwitia mwanamke hata kama ni binti mdogo kwao, "mimi nimeitwa mbele mpaka nimechoka. Ile ya mwisho nilianguka. Haikuwa roho, ilikuwa njaa. Wakasema pepo ametoka. Nenda na hiyo mkutano yako."

Siku nyingine ya soko nilipokwenda kumtafuta, mahali pake palikuwa na mtu mwingine, na mpaka leo nawaza kama alihama kwa sababu yangu. Huenda alihama kwa sababu ya kivuli. Huenda aliugua. Mnaona nilivyo. Kazi hii haihitaji mtu wa kuwaza kiasi hiki, lakini ndiyo niliyoipata baada ya chuo, na niliifanya kwa woga kuanzia mwanzo mpaka nilipowakabidhi nyinyi.

Nijieleze kidogo ili mnielewe. Mimi ni mtoto wa Kitui mjini, katika nyumba ya Waislamu ambao babu yao alipanda kutoka pwani kufanya biashara akasahau kurudi. Nyumbani tunazungumza Kiswahili. Kikamba changu ni cha sokoni: kinanunua nyanya vizuri, lakini kikitoka nje ya bei kinachechemea. Kumbukeni hilo, maana mbele litatuangusha.

Kazi yenyewe ni moja tu: kumfikisha mtu kwenye kikundi chake mara ya kwanza. Kuhubiri kuna wenyewe, kutibu kuna wenyewe. Wewe unamfikisha mlangoni. Mimi nilidhani ni kama kumwonyesha mgeni duka, mpaka nilipomwona mwanamume mzima, aliyewahi kuchimba visima kwa mikono, akishindwa kupita kizingiti. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na watu wanakunywa chai. Alisimama pale akitokwa na jasho kana kwamba ndani kuna simba, kisha akaniambia amesahau kufunga mbuzi, akaondoka. Hakuwa na mbuzi.

Aliyenifundisha kazi ni Musau. Yeye alikuwa mlevi wa kupindukia, akaacha, na sasa ndiye anayeshika ufunguo wa kikundi cha upande wa Salama. Ana mdomo mchafu wa utani. Nilipomwambia naacha kazi ili nirudi Kitui kumtunza bibi yangu, alisema, "Yaani umestaafu na meno yote mdomoni? Wenzako hungoja mpaka magoti yalie." Tangu hapo ananiita Mstaafu, na ndiyo sababu nawaandikia kama mzee, ingawa baadhi yenu tunalingana.

Musau ndiye aliyeniambia nisitangulie wala nisifuate. "Ukitangulia, atageuka nyuma yako na hutamwona. Ukifuata, atahisi amekamatwa. Tembea kando yake, na uongee mambo ya mvua." Ndiye aliyenikataza kumshika mtu mkono. Ndiye aliyenifundisha kutembea njia kwanza peke yangu, kwa miguu, nikinusa. Ndiyo, kunusa. Macho yatakuonyesha baa yenye kibao na rangi. Pua itakuonyesha nyumba ambayo haina kibao, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ukishanusa, unatafuta njia nyingine, hata kama inapanda kilima.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: mtu aliyekunywa sana kwa miaka, usimwambie aache ghafla akiwa nyumbani. Mpeleke hospitali kwanza. Mwili huo umezoea pombe kama moto ulivyozoea kuni, na ukiinyima ghafla unaweza kumtupa chini, akatetemeka, akaona vitu visivyokuwepo, hata akafa. Mimi niliogopa hili kuliko yote. Kila niliposikia mtu anajisifu, "Nimeacha leo asubuhi," nilianza kutafuta gari la kwenda hospitali.

Kwa hiyo mzee Kioko nilimchukua alipotoka hospitali.

Kioko ni fundi wa kupandikiza miche. Michungwa na miparachichi mingi mnayoiona mkishuka kutoka Kilungu ilipita mikononi mwake. Kazi hiyo inataka mkono usiotikisika: unachanja mche, unachonga kijiti cha mti mwingine, unavikutanisha ngozi kwa ngozi na kufunga. Kioko alipofika hospitali hakuweza hata kujishikia kijiko. Daktari alimtuliza mwili kwa dawa, kisha akamwambia mbele yangu, bila kupamba, kwamba ini lake limechoka na kurudi kwenye pombe ni kurudi kaburini. Mkewe alikuwa ameshaondoka. Dada yake ndiye aliyenipigia.

"Nitakuja mara moja," Kioko aliniambia akiwa bado kitandani. "Moja tu. Nikiona ni upuzi narudi kwangu, na wewe usinitafute tena. Tumeelewana?"

Nilisema tumeelewana. Kisha nilikwenda nje nikajiegemeza kwenye tangi la maji. Mara moja tu. Kama kikundi kingeghairi siku hiyo? Kama angekaribishwa vibaya? Kama mvua ingenyesha?

Mvua haikunyesha. Kilichotokea ni kwamba Musau alinipigia jioni ya kuamkia siku yenyewe, akasema chumba cha Salama kimechukuliwa, wamehamia juu milimani, Kilungu, kwenye ghala la kikundi cha wafugaji wa nyuki. "Ukifika njia panda uliza tu watu wa asali. Kila mtu anatujua hivyo. Mke akiulizwa mumeo yuko wapi, anasema ameenda kwa asali. Hata si uongo, mizinga ipo."

"Lakini sijaitembea hiyo njia," nikasema.

"Wewe nawe! Ni hapo tu."

Mkae mkijua kwamba "ni hapo tu" huku kwetu haina maana yoyote.

Mchana uliofuata tulishuka njia panda, mimi na Kioko, jua likiwa kali na vijia vikienda kila upande kati ya mashamba. Kioko alikuwa amenyoa ndevu. Uso ulikuwa umevimba bado, na mikono ameificha mifukoni. Nilimpigia Musau, simu ilikuwa imezimwa, maana wakianza kikao wanazima zote. Mzee mmoja alikuwa ameketi kando ya barabara na mzigo wa nyasi za ng'ombe. Nikafikiri: nikimuuliza kwa Kiswahili ataniona mgeni, atauliza maswali, Kioko ataona aibu. Bora niulize kwa Kikamba, haraka, kama mtu anayejua. Nikaipanga sentensi kichwani, nikaipangua, nikaipanga tena, kisha nikaitoa:

"Andu ma uki me va?" Watu wa uki wako wapi?

Mzee alinitazama, hijabu yangu, kitambulisho changu. Akamtazama Kioko usoni kwa muda mrefu zaidi. Akatabasamu kama mtu aliyeelewa yote.

"Shukeni na hii. Mkipita shimo la mchanga, mtawasikia."

Kioko alikohoa. Tukashuka.

Nilitembea kando yake, nikaongea mambo ya mvua. Yeye alikuwa akitembea haraka kuliko nilivyotarajia, na mimi, mjinga wa Mungu, nikafurahi. Nikasema moyoni, anataka kufika. Tulipopita shimo la mchanga, pua yangu ilikamata kitu kitamu kilichochacha, kizito, kama matunda yaliyosahaulika kwenye ndoo. Nikajiambia ni nta. Sijui harufu ya nyuki ikoje, nikajiambia, huenda ndivyo ilivyo. Kisha nikasikia watu wakicheka, kicheko kile kinachoendelea baada ya mzaha kwisha, na tukatokea kwenye ua.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo na vikombe vya plastiki mkononi. Katikati kulikuwa na pipa.

Mmoja aliinua kichwa, akaona nguo ndefu nyeusi na kitambulisho kinachoning'inia. "Serikali!" akapiga kelele. "Chifu ametuma msichana!"

Sijawahi kuona ua ukihamwa hivyo. Mmoja aliruka ua wa michongoma. Mwingine alipita kwenye mahindi, mabua yakimfuata. Mwingine aliacha kiatu. Ningecheka, nadhani, kama ningekuwa mtu mwingine siku nyingine. Kwa kufumba na kufumbua tulibaki wawili tu, mimi na Kioko, pipa, na kwenye gogo lililo karibu naye kikombe cha kijani kilichojaa mpaka ukingoni, povu likitulia polepole.

Kioko akaketi kwenye gogo.

Alitoa mikono mifukoni. Ilikuwa ikitetemeka.

Hapa ndipo mafunzo yalipoishia. Nikikichukua kile kikombe, nimemfanya mtoto. Nikikimwaga, atakumbuka kwamba nilikimwaga. Nikimvuta mkono, nimekuwa polisi kweli. Nikinyamaza, na akanywa, basi nimemleta kwa miguu yake mpaka hapa, kutoka kitandani, mimi mwenyewe, nikiongea mambo ya mvua. Mambo yote hayo yalipita kichwani kwa pamoja kama wale wanaume wakigombea pengo la ua. Mwishoni nikasema lile moja lililobaki.

"Mzee, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba utakunywa. Na kwamba nikikuzuia leo, utakunywa kesho kwa sababu nilikuzuia. Na kwamba nisipokuzuia, utasema nilikuacha."

Kioko alipumua kwa pua, karibu na kicheko. "Wewe unaogopa kwa zamu, mwaitu. Mimi naogopa moja tu."

"Gani?"

"Kwamba hii kikombe itaisha, na mimi nitakuwa bado nimekaa hapa."

Akakigusa kishikio kwa vidole viwili. Hakukiinua kikombe.

Nyuma ya ghala la mahindi kitu kilisogea. Akatokea mama mmoja mnene aliyejifunga leso, upawa mkononi, akinisogelea kwa tahadhari kama mtu anayemkaribia ng'ombe asiyemjua. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye pipa.

"Wewe ni wa chifu?"

"Hapana, mama."

"Wa kanisa?"

"Hapana."

"Sasa hiyo kitu kifuani umevaa ya nini, kama mtu wa kuchanja mbuzi?"

Nikamwambia tumepotea, tunatafuta watu wa asali. Akaniuliza nilisemaje kule barabarani. Nikairudia sentensi yangu kama nilivyoitoa. Yule mama alishika nguzo ya ghala akacheka mpaka leso ikalegea.

"Uliuliza watu wa pombe na umeletwa kwa watu wa pombe! Huyo mzee hana makosa. Ulitaka kusema uki wa nzuki."

Basi jifunzeni kwangu. Kwa Kikamba uki ni pombe. Ukiongeza "wa nzuki", yaani wa nyuki, ndiyo inakuwa asali. Hayo maneno mawili madogo ndiyo yanayotenganisha ghala la Musau na pipa la huyu mama, na mimi niliyakata njia panda kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana mwenyeji.

Lakini yule mama alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anamtazama Kioko.

"Na wewe, mzee. Wewe ni Mkamba kabisa. Hukumsikia akiuliza?"

Kioko alikitazama kikombe.

"Nilisikia," akasema.

Ndipo nilipoelewa kile kikohozi, na ule mwendo wa haraka. Njia nzima mimi nilikuwa nampeleka mahali pamoja na yeye ananipeleka pengine, tukitembea kando kwa kando kama nilivyofundishwa.

Mama aliinama akakichukua kikombe. Vidole vya Kioko vilikuwa bado kwenye kishikio. Hakuvuta, wala hakuachia upesi. Mama alisubiri, hakumnyang'anya, mpaka vidole vikalegea vyenyewe. "Hii ni ya Mutuku," akasema, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Yule ameacha kiatu. Atarudia vyote." Akakimimina ndani ya pipa.

Kisha akaufuta mkono kwenye leso. "Hao watu wenu nawajua. Mume wangu yuko huko sasa hivi. Yeye anaacha, mimi napika. Watoto hawawezi kula kuacha kwake. Kujeni niwaonyeshe."

Niliyaacha maneno ya mafunzo. Nilimgeukia Kioko. Nikafanya lile nililokuwa nikiogopa zaidi: nilimwambia kwamba kama anataka kurudi kwake, njia panda ni ileile, na sitamtafuta, kama tulivyoelewana.

Mahindi yalikuwa yanachezacheza pale ambapo watu walikuwa wanachungulia. Kisha akainuka kwa kushika magoti yake.

"Nilisema mara moja," akasema. "Hapa si mahali nilisema nitakuja."

Tulipanda kijia chembamba, mama mbele, sisi nyuma kando kwa kando, hakuna aliyezungumzia mvua. Kwenye mparachichi wa mwisho kabla ya kilele mama alisimama. Chini yetu mabonde yalikuwa yamefungwa na ukungu wa joto, na mbele lilionekana ghala la mabati, mlango umefungwa.

"Mimi naishia hapa. Nikiingia na hii harufu nitawatesa."

"Nimwambie nini mumeo?"

Akafikiri. "Mwambie ugali iko." Akashuka.

Mlango uliofungwa. Msije mkachelewa, ndugu zangu. Hili nalo liandikeni. Mgeni anayefika kabla anakuta watu wanapanga viti, anapewa kiti cha kubeba, mikono yake inapata kazi. Anayechelewa anakuta mlango na sauti za watu nyuma yake. Nilisikia pumzi ya Kioko ikibadilika. Nikamkumbuka yule mchimba visima na mbuzi wake asiyekuwepo. Nikabisha hodi kabla sijawaza, na ni mojawapo ya mambo machache maishani niliyoyafanya hivyo.

Mlango ukafunguka ufa. Lilitokea jicho la Musau. Mle ndani wana desturi: yeyote anayebisha kikao kikiendelea huulizwa kwanza anatafuta nini, kwa sababu wapo wanaokuja kununua asali kweli, na wapo wanaokuja kuchungulia ni nani amekaa humo. Hata akikujua anakuuliza. Jibu ni la mgeni mwenyewe, na mwelekezaji haruhusiwi kumjibia.

"Mnatafuta nini?" Musau akauliza.

Nikafunga mdomo kwa nguvu, meno juu ya ulimi.

"Uki," Kioko akasema.

Jicho la Musau lilihama kutoka kwake likaja kwangu, na nilihisi yote, hospitali, kilima, kikombe, yakiteleza kurudi chini mpaka kwenye pipa. Kioko alikuwa anatazama kizingiti.

"Wa nzuki," akasema.

Musau akafungua mlango. Kioko akainua mguu, akauvusha, akauinua wa pili. Nilimwona akipewa kiti kilicho karibu na mlango, kama tunavyowawekea wageni wote, ili wajue wanaweza kutoka wakati wowote. Mlango ukafungwa, kwa sababu mimi si wa humo.

Nilikaa nje kwenye mzinga wa zamani uliopinduliwa, nikiutazama ule mlango. Nilijua kiti chake kiko karibu nao kiasi gani. Nyuki walikuwa wanapita juu ya kichwa changu wakienda na kurudi, na niliwaogopa pia, lakini sikusogea. Nilingoja mlango ufunguke mapema.

Haukufunguka mpaka walipotoka wote.